Mabaharia Wachache, Majira ya Baridi: Historia Fupi na Istilahi Zake

Mfasiri anayetazama neno bila kutazama historia ya jambo lenyewe huweza kuandika Kiswahili safi chenye maana potofu. Mfano mzuri ni mashindano ya mashua za tanga ambamo chombo huendeshwa na mtu mmoja au wawili tu. Istilahi yake ya Kiingereza hutaja mikono iliyo michache, na mfasiri mwenye haraka huielekea tafsiri ya "upungufu wa mabaharia". Katika merikebu ya biashara maana hiyo ni sahihi: mabaharia wamekufa, wameugua au wametoroka, na chombo kimo hatarini. Katika mashindano, kinyume chake, uchache si upungufu bali ni sharti.

Mwaka 1960 Mwingereza Blondie Hasler alifanikisha mashindano ya kuvuka Atlantiki kutoka Plymouth hadi New York, kila mashua ikiwa na mtu mmoja. Zilishiriki mashua 5. Francis Chichester alishinda kwa siku 40, na Hasler mwenyewe akafika wa pili. Jambo hili liliwezekana kwa sababu ya kifaa kinachosukumwa na upepo ili kushika usukani wakati baharia amelala au anashughulikia tanga. Jahazi letu lilihitaji watu wengi kwa kuwa foromali ni nzito, na kuihamisha upande ni kazi ya mikono mingi. Hapa kifaa kimechukua nafasi ya mikono. Mwaka 1968 watu 9 waliondoka kuizunguka dunia peke yao bila kutia nanga bandarini. Ni Robin Knox-Johnston tu aliyemaliza, Aprili 1969, baada ya siku 312.

Mashindano yaliyofuata Ufaransa yaliongeza shida ya majira. Novemba 1978 yalianza yale ya Route du Rhum, kutoka Saint-Malo hadi Guadeloupe. Mike Birch alishinda kwa tofauti ya sekunde 98, lakini Alain Colas alipotea baharini, wala hakuonekana tena. Tarehe 26 Novemba 1989 mashua 13 ziliondoka Les Sables-d'Olonne katika mashindano ya kwanza ya Vendée Globe: mtu mmoja, dunia nzima, bila kituo na bila msaada. Titouan Lamazou alirudi wa kwanza baada ya siku 109.

Je, tuseme ni mashindano ya "kipupwe"? La. Kipupwe cha pwani yetu huangukia takriban Juni hadi Agosti, majira ya kusi, na baridi yake ni ya kustarehesha. Novemba huko Ufaransa ni mwanzo wa dhoruba kali. Tena, mashua zikishavuka Ikweta na kufika bahari ya kusini mwezi Desemba, kalenda ya huko ni ya kiangazi, ijapokuwa baridi na barafu zingalipo. Hivyo iandikwe "majira ya baridi ya nchi za kaskazini", wala mfasiri asione uvivu kutaja miezi.

Istilahi ya tatu ni "msaada". Tarehe 30 Novemba 2020 mashua ya Kevin Escoffier ilivunjika na kuzama, naye akabaki katika chelezo cha kuokolea. Jean Le Cam, mshindani mwenzake, alimwokoa. Wengine watatu waliacha njia yao kumtafuta. Januari 2021 Charlie Dalin alivuka mstari wa kwanza, lakini mshindi akawa Yannick Bestaven, aliyefidiwa saa 10 na dakika 15 kwa kushiriki katika utafutaji huo. Neno "msaada" likitumiwa kwa mambo yote mawili, msomaji ataona kwamba sheria iliyokataza msaada ndiyo iliyoutuza. Hatuna budi kutenga: msaada ni ule unaoifaa mashua katika safari yake, uokozi ni ule unaonusuru roho.

Kwa mintarafu hiyo, tunapendekeza "mashindano ya mabaharia wachache" liwe jina la jumla, na chini yake "ya baharia mmoja" na "ya mabaharia wawili". Aina hii ya pili inaonekana katika Transat Jacques Vabre, yaliyoanza mwaka 1993 kwa baharia mmoja mmoja, yakafanywa ya wawili wawili kuanzia 1995. "Upungufu wa mabaharia" libaki kwa ajali na hitilafu. Mtumishi anayepokea taarifa ya chombo kilichopinduka akisoma "upungufu", atadhani wako watu waliokwisha potea, na huenda akaamuru watafutwe. Akisoma "baharia mmoja", atajua kwamba anatafutwa mtu mmoja, wala hakuna mwingine.