UZI: Ramani ya Nairobi ilichorwa kwa mtu mmoja asiye na watoto

1/ Kila msimu wa kampeni, hapa kwetu Mbotela swali ni lile lile: nyumba ngapi zitajengwa? Huyu anasema nyingi, yule anasema ni hewa. Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tu nieleze kwa nini hilo swali ni nusu, na ile nusu nyingine ilipotelea wapi. Kaa hapa kidogo.

2/ Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Mwafrika alitakiwa kama mikono ya kazi, si kama mkaaji. Familia ilitarajiwa kubaki mashambani. Kwa hivyo aliyempangia makazi alihesabu kitanda. Jiko na watoto havikuwa kwenye hesabu yake.

3/ 1948 ikaja ramani kuu ya "mji mkuu wa koloni". 1950 Nairobi ikapewa hadhi ya jiji. Makazi ya Waafrika yakaendelea kupangwa mashariki, karibu na reli na Industrial Area. Mbotela ilijengwa miaka hiyo ya 1950. (Jina la mtaa ni la mwanasiasa wa enzi hizo. Nilisema sitaji, lakini mtaa umenitangulia.)

4/ 1954 kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, Kamati ya Carpenter, ikakiri kwamba mshahara wa chini wa Mwafrika mjini ulipigwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia. Ikapendekeza ulenge familia. Soma hiyo mara mbili. Kama mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, chumba nacho kingekuwa cha nani?

5/ Babu yangu ndiye huyo mtu mmoja. Alipata chumba Mbotela. Halafu nyanya akaja. Halafu watoto sita. Chumba hakikukua. Wakaunganisha kibanda cha mabati mbele ya mlango, baadaye wakakipangisha. Kodi ya kile kibanda ndiyo iliyonilipia karo ya sekondari. Majirani walifanya vivyo hivyo. Kanjo walijua, sisi tulijua, maisha yakaendelea.

6/ Sasa weka hesabu ya jiji zima. Sensa ya 1969: watu 509,286. 1989: 1,324,570. 2019: 4,397,073. Bwawa la Ndakaini, linalotuletea maji mengi ya jiji mpaka leo, lilikamilika 1994. Ukiona mfereji umekauka siku tatu, usishangae sana.

7/ Na ramani je? 1973 ulitolewa mkakati wa ukuaji wa jiji hadi mwaka 2000. 2000 ikafika, ikapita. Mpango mkuu uliofuata, NIUPLAN, ni wa 2014. Miaka kumi na minne hapo katikati. Jiji halikuketi kungoja. Watu walijenga palipoonekana wazi: kando ya mto, kando ya reli, karibu na bomba la mafuta.

8/ Tarehe 12 Septemba 2011, Sinai, si mbali na kwetu. Bomba la mafuta likavuja, petroli ikaingia kwenye mtaro, ikateremka hadi katikati ya nyumba za mabati. Watu wakatoka na ndoo na mitungi. Halafu moto. Zaidi ya watu 100 walikufa.

9/ Baadaye mjadala ukagawanyika, kama kawaida. Hawa: "walikuwa wanachota mafuta." Wale: "serikali iliwatupa." Lakini bomba la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi 1978, si jana. Wakaaji waliwahi kuambiwa wahame. Wakauliza, tuende wapi? Notisi isiyo na jibu la hilo swali ni karatasi tu. Ardhi, huduma, dharura: tunavijadili kama vitu vitatu, lakini siku ile vilipita mtaro mmoja.

10/ Sasa yangu. Miaka michache baadaye, usiku, nyumba za nyuma yetu zilishika moto. Gari la zimamoto lilikuja. Halikuingia. Kilicholizuia ni kibanda chetu, kile kile cha karo. Tulikibomoa kwa mikono na majirani, huku wengine wakimwaga mchanga. Hakuna aliyekufa. Vyumba vinne viliisha, na mama mmoja akapoteza cherehani iliyokuwa ikilisha watoto wake. Nyanya akikutana naye sokoni bado anainamisha macho.

11/ Kwa hivyo ukiniambia "watu wa vibanda ndio shida," siwezi kukataa na siwezi kukubali. Kibanda kilikuwa kosa letu. Pia kilikuwa jibu letu kwa ramani ambayo haikutuhesabu.

12/ Kuna njia nyingine? Angalia Mukuru. 2017 kaunti iliitangaza kuwa eneo maalum la mipango, eneo lenye kaya zaidi ya 100,000. Wakaaji, vyuo vikuu na mashirika wakaketi pamoja kupanga nyumba, maji, afya, barabara. Baadaye barabara na mabomba ya majitaka yakaanza kuingia. Si peponi: mafuriko ya 2024 yalifika huko pia, na ubomoaji kando ya mto ukafuata. Lakini angalau walianza kwa kuhesabu walio hapo.

13/ Kuhusu "hiyo si kazi yetu": Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti mipango ya ardhi na nyumba, na pia zimamoto na kukabili majanga. Kifungu cha 43 kinakupa haki ya makazi, maji safi na usafi. Chapisha, weka mfukoni, nenda nayo barazani.

14/ Na ukifika hapo, usiulize nyumba ngapi pekee. Uliza:
– Mmehesabu watu wangapi kwa kila nyumba?
– Maji ya ghorofa hizo yatatoka wapi?
– Bomba la majitaka la zamani linabadilishwa, au mnalibebesha tu?
– Gari la zimamoto litapita wapi, na nani atahakikisha hiyo njia haiuzwi?
– Mpangaji wa kibanda, asiye na jina kwenye orodha, anaenda wapi?

15/ Ghorofa bila majibu hayo ni chumba cha babu kilichosimamishwa wima. Tutajaa tena, tutaunganisha tena, na siku ya moto tutalaumiana tena.

16/ Kile kibanda hatukukijenga upya. Kodi yake tunaikosa kila mwezi, sitadanganya. Lakini jana nilipima ile njia kwa miguu: hatua tano, wazi. Pima ya kwako leo, uniambie umepata ngapi.