Ndugu Mali: Jina Lililobadilishwa Unyanyembe

Miongoni mwa picha za karne ya 19 zinazohusu njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, iko moja iliyopigwa mbali kabisa na njia hiyo, katika studio mjini London, mwaka 1872. Ndani yake yumo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, amevaa mavazi ya safari. Karibu naye yupo mtoto Mwafrika. Stanley alikuwa amerudi punde kutoka bara, alikomkuta Livingstone, na watu wa Ulaya walitamani kuiona safari ile kwa macho yao. Basi safari ikaigizwa chumbani. Kamera za zama zile hazikunasa kwa kufumba na kufumbua. Aliyepigwa picha hakuwa na budi kutulia kama gogo. Mtoto akatulia. Chini ya picha jina lake huandikwa Kalulu.

Jina hilo lilizaliwa Kwihara, karibu na Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Ilikuwa Septemba 1871. Waarabu wa Tabora walikuwa vitani na Mirambo, na njia ya Ujiji ilifungwa. Stanley amesimulia mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1872, kwamba Mwarabu mmoja aitwaye Mohammed alimpa zawadi ya mtumwa mdogo. Jina la mtoto aliliandika Ndugu M'hali. Halikumpendeza. Akawaita wakubwa wa msafara wake wamtafutie jingine. Mmoja alitaja Simba, mwingine Ng'ombe. Mwingine akasema aitwe Mirambo, wote wakaangua kicheko. Mubarak Bombay akapendekeza Bombay Mdogo. Ulimengo, alipoyatazama macho maangavu ya mtoto na wepesi wake, ndiye aliyetoa Kalulu, na wenzake wakaafiki. Maji yakaletwa katika karai la bati, mtoto akainuliwa juu yake, na Stanley akatangaza kuwa jina hilo asije mtu yeyote akamnyang'anya. Wakati huohuo jina la kwanza lilikuwa limekwisha kunyang'anywa.

Stanley alieleza kuwa Kalulu ni mtoto wa paa mdogo. Katika Kichewa na Kibemba, hata hivyo, kalulu ni sungura, yuleyule mjanja wa ngano ambaye hunusurika kwa akili asikokuwa na nguvu.

La kushangaza zaidi ni jina lililotupwa. Stanley alilifasiri kuwa ni mali ya ndugu yangu. Mswahili akitaka kusema hivyo, hutanguliza mali, kisha kiunganishi cha kumiliki, ndipo amtaje ndugu. Hapa ndugu ametangulia na kiunganishi hakipo. Kwa mpangilio huo, sikio la mtu wa pwani husikia semi zetu zilizoachwa bila “ni”, mfano wa akili mali: ndugu mali, yaani ndugu ndiye utajiri. Fasiri moja yamfanya mtoto kuwa kitu cha mtu. Nyingine yamfanya kuwa mtu ambaye jamaa zake hawana kitu kinachomzidi. Maneno ni mawili tu, na tofauti ya fasiri hizo ndiyo tofauti ya mtumwa na mwana wa watu.

Tena waliokaa kumpa jina hawakuwa mabwana. Bombay alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni, akauzwa, akavushwa bahari hadi Bara Hindi. Jina la mji wa huko ndilo lililomganda hata baada ya kuwa huru. Alipotaja Bombay Mdogo, alikuwa akimpa mtoto kile alichokuwa amepewa yeye.

Katika njia ileile walikuwapo waliotawala majina yao. Mirambo alizaliwa akiitwa Mtyela. Jina lililomvumisha, ambalo kwa Kinyamwezi lina maana ya maiti, lilikuwa silaha mojawapo ya vita vyake. Hamed bin Muhammed, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, alieleza katika habari za maisha yake, zilizoandikwa kwa Kiswahili, kuwa aliitwa Tippu Tip kwa mlio wa bunduki zake. Mwenye bunduki aliweza pia kulisimulia jina lake. Habari za mtoto zimeandikwa na yule aliyembadili jina.

Kalulu alisomeshwa kwa muda London, kisha akarudi Afrika na Stanley katika safari ya 1874. Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya Mto Kongo, akafa maji. Stanley akayaita maporomoko hayo Kalulu, na hivyo jina la karai la Kwihara likaandikwa katika ramani. Lile la kwanza halikupewa mto wala kilima.

Tembe la Kwihara limehifadhiwa kuwa makumbusho, nalo huvuta wageni kwa sifa ya Livingstone. Picha ya London nayo ingali ikichapwa vitabuni. Anayeitazama na amwite mtoto yule, angalau mara moja, kwa jina alilokuja nalo Unyanyembe, na alitamke kwa maana ya pwani: Ndugu Mali.