Taimulapsi si video iliyokimbizwa

Wako wanaoiita taimulapsi ya kutangaza jiji "video iliyokimbizwa". Jina hilo halifai. Video iliyokimbizwa hurekodiwa kwa mwendo wa kawaida, kisha huongezwa kasi wakati wa kuhariri. Taimulapsi hupigwa picha moja moja: kamera imefungwa kwenye stendi, tuseme juu ya ghorofa linalotazama kivuko cha Kigamboni, nayo inapiga kila baada ya sekunde 5. Kwa saa nzima zinapatikana picha 720. Zikichezwa 24 kwa sekunde, pantoni inakwenda na kurudi, abiria wanamiminika na kutoweka, yote ndani ya sekunde 30.

Haipalapsi ni kazi nzito zaidi. Hapo mpigapicha naye anatembea: hatua, picha, hatua, picha, huku alama ileile ikibaki katikati ya fremu, kama kilele cha mnara wa KICC jijini Nairobi. Akiyumba kidogo tu, mnara unarukaruka. Mimi ningeiita "taimulapsi ya kutembea", maana inaitaja kazi yenyewe. Watayarishaji, mtu aliyesimama juani saa nzima hakukimbiza chochote; iandikeni kazi yake kwa jina lake.