Tembo wa Amboseli na Kufuli za Majarida

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, watafiti waliwawekea tembo wa Amboseli, Loitokitok, nguo nyekundu wazinuse. Moja ilikuwa imevaliwa siku tano na mwanamume wa Kimaasai, nyingine siku tano na Mkamba, na ya tatu ilikuwa safi. Waliponusa ile ya Mmaasai walitimua mbio, wakaenda mbali zaidi na kukawia kutulia. Wamaasai ndio waliokuwa na desturi ya kuwachoma mikuki. Wakamba wa eneo hilo ni wakulima.

Matokeo yalitoka katika jarida la Current Biology. Miongoni mwa waandishi walikuwa Katito Sayialel na Norah Njiraini, wanawake wa mradi wa tembo ulioanzishwa Amboseli mwaka 1972 na Cynthia Moss na Harvey Croze. Soila Sayialel naye jina lake limo katika makala ya Science ya 2001, kuhusu kumbukumbu za tembo jike wazee, na la Katito limo katika ile ya jarida la PNAS ya 2014, kuhusu tembo kutofautisha sauti za watu. Ni elimu iliyotoka Loitokitok, mikononi mwa watu wa pale pale. Je, jirani zao waliweza kuisoma?

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa hapana. Makala fupi ambayo Joyce Poole na Moss waliandika katika Nature mwaka 1981, wakieleza hali ya musth (msisimko wa kujamiiana) kwa tembo dume wa Afrika, ilisomwa na aliyekuwa na maktaba yenye fedha za kulipia jarida. Kijana wa Kimana au Rombo, huko huko Loitokitok, hakuwa nayo.

Kilio cha watafiti duniani kilizaa Azimio la Budapest la 2002, lililotaka makala za utafiti zisomwe na yeyote bila malipo. Wachapishaji wakubwa hawakufungua mlango wote. Wakachukua njia ya jarida mseto: msomaji anaendelea kulipia jarida, lakini mwandishi akitoa ada, makala yake peke yake inafunguliwa. Mwaka 2004 PNAS ilianza kwa dola 1,000, na Springer ikatoza 3,000. Nature ilipoingia rasmi Januari 2021, ada ilikuwa yuro 9,500. Msamaha wa ada ambao wachapishaji huwapa watafiti wa nchi maskini kwa kawaida unahusu majarida yaliyo huria kabisa, si haya mseto. Hapo mtafiti wa Kenya asiye na mfadhili mara nyingi anaachwa nje, na hilo ni dhuluma, hata kama limeandikwa kwa lugha ya biashara.

Njia ya pili haina ada. Mwandishi huchukua mswada wake uliokwisha kukubaliwa na kuuweka mwenyewe katika hifadhi ya chuo au taasisi. Elsevier iliruhusu hivyo mwaka 2004. Nature ikafuata 2005, kwa sharti la kusubiri miezi sita. Kila mchapishaji ana masharti yake: huyu anakubali mswada tu na kukataa kurasa zake zilizopangwa, yule anataka mwaka mzima upite. Watafiti wengi hawayasomi masharti hayo, na mswada unabaki kwenye kompyuta zao.

Kitengela inaonyesha kinachoweza kupotea mambo yakiwa hivyo. Kuanzia mwaka 2000 wafugaji huko walilipwa takriban dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie mashamba yao uzio, wanyama wa mbuga ya Nairobi wapate kupita. Wataalamu wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Robin Reid akiwa mmoja wao, walishirikiana na wenyeji kuchora ramani za uzio uliokuwapo, na kazi hiyo ikaandikwa katika PNAS. Wanaobishana kuhusu ardhi kwenye baraza la Kajiado wanazihitaji ramani hizo kuliko profesa yeyote wa Ulaya. Kwa bahati njema, machapisho mengi ya ILRI yanawekwa CGSpace, hifadhi isiyomdai msomaji chochote.

Siku hizi wengine hawangoji hata jarida. Utafiti uliochambua miito 469 ya tembo wa Amboseli na Samburu, ukaonyesha kwamba huitana kwa miito inayofanana na majina, ulitoka Nature Ecology & Evolution Juni 2024. Mswada wake ulikuwa tayari umewekwa katika hifadhi huria ya bioRxiv tangu Agosti 2023, na yeyote Loitokitok mwenye simu na bando angeweza kuufungua.