Saladi ya kuku yenye bizari na joto la Oldonyiro

Saladi ya kuku yenye bizari ni nyama ya kuku iliyochemshwa, ikapoa, kisha ikachanganywa na rojo zito la mayonezi, kitunguu na bizari. Huliwa ikiwa baridi, aghalabu katikati ya slesi mbili za mkate, na kwa sababu hiyo hupendwa na wasafiri na watu waendao mandari. Lakini sifa hiyo ya kuliwa baridi ndiyo pia hatari yake, hasa katika maeneo kama Oldonyiro, magharibi mwa Kaunti ya Isiolo, ambako joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 30 na si kila nyumba iliyo na jokofu.

Historia ya chakula hiki inaigusa Kenya kwa mbali. Elizabeth, binti wa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, alikuwa ziarani Nyeri babake alipofariki Februari 6, 1952, na hapo akawa malkia. Alitawazwa London Juni 2, 1953. Kwa karamu ya wageni wa siku hiyo, Rosemary Hume na Constance Spry, walimu wa upishi, walitayarisha kuku baridi katika rojo la bizari, mayonezi, krimu, divai nyekundu na aprikoti. Maelezo yake yalichapishwa katika kitabu chao cha mapishi mwaka 1956. Aprikoti ni nadra katika masoko ya Kenya, na kusema kweli embe hulifaa rojo hilo zaidi.

Kwa walaji sita huhitajika kuku mmoja wa kilo moja na nusu. Kuku wa gredi huiva kwa muda wa dakika 50 hivi katika maji yanayochemka taratibu pamoja na chumvi na kipande cha tangawizi; wa kienyeji huweza kuchukua saa mbili, ila ladha yake hulipa subira hiyo. Nyama imeiva salama joto la ndani likifika nyuzi 74, na asiye na kipimajoto achome paja kwa kisu aone maji yanayotoka ni meupe, si ya waridi. Nyama hutolewa mifupa ikiwa bado vuguvugu, ikatandazwa kwenye sinia pana ipoe upesi, kisha ikakatwa vipande vidogo.

Rojo ndilo lenye kazi. Kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo sana hukaangwa kwa mafuta kidogo hadi kilainike, ndipo kijiko kikubwa cha bizari kitiwe na kukorogwa kwa dakika moja. Bizari mbichi iliyotupwa moja kwa moja katika mayonezi huacha ladha ya vumbi mdomoni, na hilo ndilo kosa linalorudiwa mno. Huongezwa kijiko kidogo cha nyanya ya kopo, maji ya nusu limau na vijiko viwili vya achari tamu ya embe. Mchanganyiko huo sharti upoe kabisa kabla ya kutiwa nusu kikombe cha mayonezi, la sivyo mafuta hujitenga.

Mahali pa krimu, robo kikombe cha maziwa lala yaliyochujwa kwa kitambaa safi kwa saa moja hutosha. Wasamburu wa Oldonyiro kwa jadi waliishi kwa maziwa, nyama na damu ya mifugo, na kuku hakuwa miongoni mwa vyakula vyao; lakini maziwa yao yaliyogandishwa katika vibuyu vilivyofukizwa huleta harufu ya moshi inayopatana vizuri na bizari. Yatumiwe yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa, kwani maziwa mabichi huweza kueneza ugonjwa wa brusela.

Wengi huilaumu mayonezi chakula hiki kinapowadhuru watu. Mayonezi ya kiwandani ina siki, na chupa isiyofunguliwa haihitaji jokofu. Ile ya nyumbani yenye mayai mabichi ni jambo jingine. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo ni nyama yenyewe, ubao uliokatiwa kuku mbichi, au mikono isiyooshwa. Vimelea huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 4 na 60, na wataalamu wa usalama wa chakula huruhusu saa mbili tu nje ya ubaridi, au saa moja hewa ikizidi nyuzi 32. Kupasha moto upya si dawa, kwa kuwa sumu ya baadhi ya vimelea haiharibiwi na moto.

Msafiri mwenye kisanduku cha barafu anaweza kubeba sandwichi zilizokamilika, kila slesi ikipakwa siagi upande wa ndani ili isilowe. Tango na nyanya zifungwe kando, hutoa maji. Asiye na barafu, kwa mfano mfanyabiashara anayekwenda soko la mifugo la Oldonyiro kutoka Isiolo mjini, abebe mkate, limau, bizari, achari na mayonezi isiyofunguliwa, kisha kuku achinjwe na kupikwa huko huko. Saladi ichanganywe ikikaribia kuliwa, kwa kiasi cha watu waliopo, na itakayobaki itupwe.