Ustaarabu wa Shaba wa Katanga

Ustaarabu wa shaba wa Katanga ni jina linaloweza kupewa mifumo ya maisha ya pamoja iliyojengwa, kwa vipindi, juu ya uchimbaji, uyeyushaji na biashara ya shaba katika kusini-mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia bonde la Upemba hadi nyanda za juu ambako mji wa Lubumbashi, makao makuu ya mkoa wa Haut-Katanga, umesimama tangu mwaka 1910. Ustaarabu hapa hauna maana ya majengo wala mavazi, bali ni uwezo wa watu wengi wasiojuana kuishi chini ya kanuni moja, kugawana kazi, kuwalisha wasiolima na kurithisha ujuzi. Kwa kuwa mifumo hiyo iliporomoka mmoja baada ya mwingine huku shaba ikiwa bado tele ardhini, historia ya Katanga inadhihirisha kwamba madini peke yake hayajengi kitu: kinachojenga ni utaratibu wa kuigawa mali na kuitunza, na anguko huanza pale wasimamizi wa utaratibu huo wanapouziba kwa faida yao.

Ushahidi wa kale zaidi umetoka makaburini. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, uchimbuzi wa kiakiolojia ulioanza mwaka 1957, na kuendelezwa na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, ulifukua vyungu, shoka za fahari na mapambo ya shaba vilivyozikwa pamoja na wafu tangu karne ya 8 hivi, ingawa shaba yenyewe haipatikani katika bonde hilo na ililazimika kuletwa kutoka kwenye miamba ya kusini. Baadaye, kuanzia karne ya 13 au ya 14, misalaba ya shaba ilianza kuwekwa pamoja na maiti, na kadiri karne zilivyopita misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa, dalili kwamba kilichokuwa pambo la mwenye cheo kilikuwa kimegeuka fedha ya kuhesabika, ambayo mtu aliweza kuipokea kutoka kwa asiyemjua akiamini kwamba wa tatu naye ataipokea.

Ufalme wa Waluba, uliokua katika mazingira hayo hayo, uliongeza chombo cha kumbukumbu, yaani chama cha Mbudye, ambacho wanachama wake walisimulia asili ya ufalme na masharti ya utawala wakifuata kwa vidole shanga na michoro ya lukasa, ubao mdogo wa kushikwa mkononi. Udhaifu ulikuwa katika urithi wa kiti: wana wa mfalme, kila mmoja akiungwa mkono na upande wa mama yake, waligombania utawala, na bunduki za wafanyabiashara zilipoingia katika nusu ya pili ya karne ya 19, ugomvi wa ndugu ulipata silaha ambazo hakuna upande ulioweza kuzitengeneza.

Mfano wa Garenganze, dola la Msiri, unafundisha zaidi, kwa sababu kupanda na kuanguka kwake kulitimia ndani ya umri wa mtu mmoja. Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyeitwa Kalasa, alitoka pande za Tabora katika Tanzania ya leo akaingia Katanga katikati ya karne ya 19, akakaa kwanza kama mgeni mwenye bidhaa, kisha kama msaidizi wa machifu katika vita vyao, na mwishowe kama mtawala wao. Mji wake wa Bunkeya ulikuwa katikati ya njia mbili, moja ya kwenda Zanzibar na nyingine ya kwenda Benguela kwenye bahari ya Atlantiki, hivyo pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa vilipitia mikononi mwake, na nguo, bunduki na baruti zikarudi kwa njia hizo hizo. Wafuasi wake, Wayeke, walileta ufundi wa kuvuta shaba ikawa waya. Msiri alifunga mikataba kwa ndoa, akawa na wake kutoka koo nyingi, akiwemo Maria de Fonseca wa familia ya wafanyabiashara wa Angola, na mmisionari Frederick Stanley Arnot, aliyefika mwaka 1886, alipokewa kama mlango mwingine wa mahusiano na ng'ambo.

Ubovu ulikuwa ndani ya biashara yenyewe. Kila mtumwa aliyeuzwa ili baruti inunuliwe alikuwa jembe lililopungua shambani, na kila kodi iliyotozwa kwa Wasanga, wenyeji wa nchi, ilirudi kwao kwa sura ya bunduki za mtoza kodi. Wasanga walipoasi mwaka 1891, njaa ilikuwa imekwisha ingia na watu wengi wakaanza kuuhama mji. Msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji na kubebwa na wapagazi wa pwani ya Waswahili, ulikuta dola lililokwisha kupasuka. Tarehe 20 Desemba 1891 Omer Bodson, ofisa wa msafara huo, alimpiga Msiri risasi akafa, na yeye mwenyewe akajeruhiwa vibaya na kufa baadaye. Vitabu vingi huhesabu anguko la Garenganze kuanzia siku hiyo, hesabu inayompa Bodson ukubwa asiostahili.

Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis wa karne ya 14, alifundisha kwamba dola husimama kwa asabia, yaani mshikamano wa kundi, na kwamba anasa huuyeyusha baada ya vizazi vichache. Kwa Garenganze nadharia hiyo inafaa nusu tu, kwa maana Wayeke hawakulegezwa na anasa: walishindwa kuwaingiza waliotawaliwa katika mshikamano wao.

Mfumo wa tatu ulikuwa wa kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika mwaka 1910, na tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi waliajiriwa kwa mikataba mifupi na magonjwa yaliwaua wengi kambini, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilipoamua kuwaajiri pamoja na wake zao, ikawapa nyumba, zahanati, shule za wamisionari, na posho iliyopimwa kwa idadi ya watu wa nyumba. Ilikuwa hesabu kuliko ukarimu, kwani mwenye mke na watoto hatoroki, na mtoto aliyezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho. Kilichokosekana ni sauti: wafanyakazi waliogoma Desemba 1941 wakidai mshahara zaidi walipigwa risasi na askari katika uwanja wa mpira wa mji huo, na kiongozi wao, Léonard Mpoyi, akauawa. Kumbukumbu za upande wao zilisubiri hadi mwaka 1965, pale waliokuwa watumishi wa nyumbani walipotoa historia ya mji kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ikiandikwa na André Yav.

Serikali ya Kongo ilitaifisha kampuni tarehe 1 Januari 1967, na mrithi wake, Gécamines, akabaki na kambi, hospitali na shule zake. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela mwaka 1975, lakini pigo kubwa lilitoka Kinshasa, ambako mapato ya mauzo yalichotwa kwa matumizi ya watawala badala ya kurudi katika mitambo. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wakiwemo mafundi wengi wa kampuni, walifukuzwa katika mkoa kwa uchochezi wa wanasiasa, na ujuzi wa miongo kadhaa ukaondoka nao. Uzalishaji uliokuwa zaidi ya tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ulishuka hadi takribani tani 30,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa malipo ya mkupuo mmoja, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuwa tayari, mwaka 2001, amekipa kitabu chake jina linalowataja wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Tangu Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilipofungua mlango kwa kampuni za kigeni, shaba imerudi kwa wingi usiowahi kuonekana, na mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2, yaani zaidi ya mara nne ya kilele cha Gécamines. Posho, nyumba na shule za kambi hazikurudi pamoja nayo. Marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2018 yanazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, kiasi ambacho, kikilinganishwa na yale ambayo hata mwajiri mkali wa zamani alilazimika kuyagharimia, ni kidogo mno.