Ulyankulu: Nani Alitibu Mioyo?

Unaijua njia ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Karne ya 19 ilipitisha watumwa kwenda pwani. Mwaka 1972 wakaja wengine kutoka magharibi hiyohiyo, wakikimbia mauaji ya Burundi. Maelfu walipewa mapori ya Ulyankulu, mkoani Tabora, wafyeke na kulima.

Sasa utauliza, waliofiwa vile walitibiwa na nani?

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2007 kuhusu afya ya akili kwenye majanga inachora piramidi. Chini kabisa kuna usalama na mahitaji ya msingi. Juu yake familia na jamii. Kisha wasaidizi waliofundishwa. Kileleni wataalamu, kwa wachache wanaowahitaji.

Ipime Ulyankulu hapo. Shamba lilikuwepo. Jamii pia: kwaya ya Barabara ya 13 ilivuma nchi nzima. Lakini ule msingi, usalama, ulibaki na ufa. Mkimbizi hulima huku akijiuliza, "Kesho nitarudishwa?" Vyeti vya uraia vilianza kutolewa mwaka 2014, baada ya miaka 42, kwa zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya 1972.

Kumbe hata karatasi ya uraia inaweza kumpa mtu usingizi.